Mwaka Tulipong'oa Mipaka

Mama mdogo amekufa wakati mbaya, na najua angefurahi kuambiwa hivyo. Mvua ya masika imefunguka juu ya Rodi Kopany, udongo mweusi umelainika kama ugali wa mtoto, na hakuna mtu katika kijiji kile anayeruhusiwa kugusa jembe mpaka yeye azikwe siku ya Ijumaa. Ndiyo desturi yao: maiti akiwa bado yuko juu ya ardhi, shamba halilimwi. Basi yeye amelala kwenye mochari ya Homa Bay, hana haraka, nao wamesimama kwenye varanda zao wakiangalia maji mazuri yakiteremkia ziwani bure. Jana shemeji yake, Mzee Odera, alituma sauti kwenye grupu ya mazishi, nusu kukohoa na nusu kusifu, akisema marehemu alikuwa nguzo ya kilimo cha pamoja na kwamba yeye Odera angeomba nafasi ya kusema machache. Chai ilinitoka puani. Mke wangu aliuliza kama nimeanza kulia. Nikamwambia hapana, nimemsikia Odera.

Mimi ni mtu wa nyumbani. Wenzangu wa rika walikwenda Masara kuchimba dhahabu, wengine wakaenda Nairobi kuchimba sijui nini, mimi nilifika kwenye geti nikarudi kuangalia kama kuna chai iliyobaki. Safari ndefu kuliko zote nilizofanya kwa hiari yangu ni kutoka Migori mpaka Rodi, mwaka niliomaliza kidato cha nne, kwenda kukaa kwa mama mdogo aliyekuwa amefiwa na mume na kuachiwa wasichana wawili wadogo. Nilitumwa kumsaidia shambani. Nilikuwa nimefaulu somo la Kilimo vizuri sana. Ningeweza kukueleza tofauti ya kilimo cha kuhamahama na kilimo cha mazao mchanganyiko, ningekuchorea ng'ombe na kuonyesha viungo vyake kwa mishale. Lakini jembe lenyewe lilinipa malengelenge kabla ya chai ya saa nne, na mama mdogo akaniangalia jinsi unavyoangalia mzigo ulioletwa kwenye nyumba isiyo yake.

Kule mwanamke aliyeolewa huitwa kwa jina la alikotoka, kwa hiyo wote walimwita Nyar Suna, binti wa Suna, kule kwetu Migori. Sebule yake ilijaa vitambaa. Kila kiti kilivaa kitambaa, redio ilivaa kitambaa, na kitambaa cha meza kilivaa kitambaa kingine kidogo juu yake. Nilipewa kochi la sebule hiyo, nyuma ya pazia, na ndiyo maana kila neno lililosemwa katika nyumba ile mwaka ule lilipitia masikioni mwangu. Jikoni, juu ya moto, alitundika mbegu: mahindi yaliyofungwa mafungu kwa maganda yake, vichwa vya mtama, na vibuyu vya kunde vilivyozibwa kwa majivu. Moshi ulizipaka masizi mpaka fukusi wakazikataa. Mimi sikukataa kitu. Nilikula ugali wa mtama na muhogo, omena, wale dagaa wa ziwani, za kukaangwa na nyanya, mboga za managu zilizolala kwenye maziwa, na asubuhi nyoyo, yale mahindi na maharagwe ya kuchemsha, kwa chai. "Kijana wa Suna," alikuwa akisema akiniongezea, "wewe unakula kama mtu aliyelima."

Shamba lake lilikuwa la juu kabisa kati ya vipande vinane vilivyopangana mteremkoni kama ngazi, kimoja kwa kila boma. Chake kilipakana na barabara, cha mwisho kiligusa kinamasi, na kati ya kipande na kipande kulikuwa na mstari wa mkonge. Ndani ya chake kulikuwa na kila kitu: mahindi, mtama katikati yake, kunde chini ya mtama, maboga yakitambaa juu ya kunde, na pembeni muhogo uliosahauliwa makusudi. Ndipo akaja mtaalamu. Jina lake sikumbuki, tulimwita Mtaalamu tu. Alikuwa kijana kutoka upande wa Kitale, mwenye gamubuti safi kuliko sahani zetu, aliyeletwa na mradi fulani uliokuwa na gari jipya. Alisimama katikati ya shamba la mama mdogo kama mtu aliyeingia kwenye choo bila kubisha.

"Mama, hii ni nini?"

"Chakula."

"Hapana, namaanisha ni mfumo gani? Naona kama ni fujo."

"Ndiyo. Fujo ya chakula."

Akaandika kitu. Watu wa namna ile huandika kila mara unapowajibu vizuri, kusudi wasilazimike kukujibu.

Mkutano ulifanyika kwa Mzee Odera, kwa sababu Odera alikuwa na viti. Alikuwa binamu wa marehemu mume wa mama mdogo, mwanamume mrefu aliyetembea na mikono nyuma kana kwamba ardhi ilikuwa ikimpigia saluti, na mradi ulipouliza ni nani mwenyekiti, alikuwa tayari amekwisha kukaa kwenye kiti cha mwenyekiti. Tulipewa soda moto. Mtaalamu alieleza kwamba vipande vidogo ni umaskini, kwamba kule kwao trakta inaingia asubuhi upande huu na kutokea jioni upande ule, na kwamba mpaka ni ardhi iliyolala. Tung'oe mikonge, tuunganishe vipande vinane viwe shamba moja, trakta ilime, mashine ipande mahindi ya kisasa mistari iliyonyooka, kila boma ligawiwe mavuno. Odera alisimama na kutoa Kiswahili chake cha wageni: "Kuanzia leo hii mashamba yote ni moja. Hakuna yangu, hakuna yako." Mimi na elimu yangu nilipiga makofi mpaka soda ikamwagika. Mama mdogo hakupiga, lakini alikubali, na najua kwa nini. Hakuwa na ng'ombe wa kulima. Kila mwaka mjane alisubiri mashemeji wamalize kulima kwao ndipo wamkumbuke, na wakimkumbuka mvua imechoka. Trakta, alifikiri, haijui nani ni mjane.

Mikonge iling'olewa kwa nyimbo. Trakta ikaja, ikageuza mteremko wote ukawa mweusi na mmoja, na kwa siku chache wanaume walikuwa wakienda kuuangalia tu, mikono nyuma, kama watu waliozaa. Kisha mvua ikanyesha, na mashine ya kupanda ikafika asubuhi moja na dereva wake, akaizima kando ya barabara, akauliza aanzie wapi. Hapo ndipo wanaume wazima wa maboma manane walipogundua kitu ambacho kila mtoto wa pale alikijua. Kupanda kuna utaratibu wake. Katika boma, mke wa kwanza hutangulia kutia mbegu ardhini, kisha wa pili, kisha wana kwa kufuatana kuzaliwa. Anayeruka foleni huvuta chira, laana ile ya kukonda na kufa pole pole, na huwavutia na wenzake. Mke wa Odera, Nyar Mbita, mwanamke mwenye sauti ya kuitia feri, ndiye aliyelisema kwanza.

"Sasa shamba moja lina wake wakubwa wanane. Nani anaanza?"

Wakaangaliana. Mtaalamu akacheka, akasema mashine haina mke. Hakuna aliyecheka naye. Na kulikuwa na baya zaidi: mashine ingeweza kuingia kutoka barabarani tu, kwa sababu kule chini ni kinamasi, na kando ya barabara ndipo kilipokuwa kipande cha Nyar Suna. Mbegu ya kwanza kwa maboma yote ingeangukia kwa mjane ambaye hajarithiwa. Kwa desturi yao mjane hafungui msimu mpaka apate mwanamume wa ukoo wa kumrithi, alale kwake, awe ndiye mwenye boma. Mama mdogo, ambaye alikuwa Msabato wa kusali mpaka viti vichoke, alikuwa ameshasema mbele ya kanisa kwamba hatarithiwa na mtu. Walipokuwa na mikonge, hilo lilikuwa shauri lake na njaa yake. Walipong'oa mikonge, kitanda chake kiligeuka kuwa mali ya kijiji. Mimi, msomi wa mifumo ya kilimo, sikukumbuka kuisoma sura hiyo.

Jioni hiyo Odera alikuja. Mama mdogo alimchinjia kuku, kwa sababu shemeji ni shemeji hata akiwa mjinga, na mimi nikapelekwa nyuma ya pazia na paja la kuku la kuninyamazisha. Nilimsikia akila. Alikula kwanza, kwa muda mrefu, kisha akajisafisha koo.

"Nyar Suna, mimi sipendi. Nataka ujue kwamba sipendi. Lakini watu wamenilazimisha mimi mwenyewe nikusaidie."

"Watu gani, shemeji?"

"Watu. Shamba."

"Shamba limekutuma ulale hapa?"

"Usiku mmoja tu. Ni kama sahihi."

"Mimi ni Msabato."

"Hata Wasabato wanakula ugali," Odera akasema, na nikasikia akivunja mfupa kwa meno.

Aliondoka bila jibu, ila aliondoka na shingo ya kuku. Kesho yake na siku zilizofuata mvua iliendelea, magugu yakaanza kuchungulia kwenye ule weusi mzuri, na dereva wa mashine akawa analala kwenye kibanda cha soko akilalamika. Kisimani wanawake walinyamaza mama mdogo alipofika, kisha mmoja akasema akiwa amempa mgongo, "Wengine wanaona kitanda chao ni kitakatifu kuliko matumbo ya watoto." Mzee wa kanisa letu mwenyewe, ambaye boma lake lilikuwa miongoni mwa yale manane, alikuja na Biblia kwapani, akakubali chai, na akashauri kwa upole kwamba labda isiwe lazima mtu alale. Kuna njia fupi, akasema. Wengine hupeleka koti la mwanamume likalala ndani ya nyumba ya mjane, ikahesabika. "Mungu haangalii koti, dada yangu. Litundike tu." Nimewasikiliza watu wengi wa dini maishani, lakini sijawahi kumwona mwingine akiiweka imani kwenye henga kwa upesi ule.

Koti lililetwa na Nyar Mbita, mke wa Odera, mchana kweupe, limekunjwa kwenye mkono kama mtoto mgonjwa. Lilikuwa la kijivu, la sufu, linanuka ugoro na harusi za zamani. Walikaa sebuleni, kila mmoja kwenye kitambaa chake.

"Umekuja kunioza kwa mume wako," mama mdogo akasema.

"Sina wivu na koti, Nyar Suna. Hata mwenyewe akiwa ndani yake siku hizi ni kama hayumo."

Wakacheka, wote wawili, kicheko cha kweli. Kisha Nyar Mbita akaacha kucheka.

"Nina watoto sita. Mahindi ya mwaka jana yameisha. Lilaze tu, niambie limelala, nitawaambia. Nisaidie."

Nyuma ya pazia niliacha kutafuna. Lilikuwa jambo dogo. Mimi ningelitundika na kuomba anipe na suruali. Baadaye, tukiwa jikoni, alinieleza kwa sauti ya mtu anayepepeta mtama: koti likihesabika kwamba limelala, basi nyumba ina mwenyewe, na mwenyewe ni Odera. Mwaka huu angefungua msimu. Mwaka ujao angesema ni nini kipandwe. Na kwa vile mikonge imeng'olewa, mwaka wa tatu nani angeonyesha mahali shamba la wasichana wake lilipoanzia? Siku ile kwa Nyar Mbita alisema tu, "Liache." Na Nyar Mbita alipotoka, alilichukua lile koti, akalitia kwenye beseni nje, kando ya banda la kuku, akalimwagia maji na sabuni ya mche. "Mtu akiletewa nguo chafu," akasema, "anafua."

Asubuhi alilianika uani. Hapo kijiji kikafanya hesabu yake. Watu walipopita barabarani wakaona koti la Odera kwenye kamba ya Nyar Suna, safi, linapepea, na kabla sijamaliza nyoyo zangu dereva alikuwa ameitwa, mashine imewashwa, Mtaalamu amekuja na gamubuti zake, na Odera mwenyewe amesimama pale mbele kwa tabasamu la mtu aliyefanya kazi ngumu kwa ajili ya jamii. Nyar Mbita alikuwa ameshika kikapu cha mbegu kifuani. Walikuwa wamefurahi kweli. Njaa ilikuwa imekwisha, kwa maoni yao. Mama mdogo angeweza kukaa jikoni akanyamaza, na hakuna mtu angemuuliza swali.

Alitoka akiwa na kitambaa chake cha kichwa cha kanisani, akasimama barabarani mbele ya mashine.

"Lililala kwenye beseni," akasema kwa sauti ya kusikika hadi kinamasini. "Nje. Na kuku. Kama kuku wamerithiwa, mnaweza kupanda."

Dereva, mtu wa kutoka mbali ambaye hakuwa na habari na lolote, alicheka mpaka akazima injini. Odera alisema kwa Kiluo neno ambalo sitaliandika hapa. Nyar Mbita aliweka kikapu chini na kukikalia. Ndipo mama mdogo akaniita. Alikuwa ameshakata vijiti. Nilishika kamba upande mmoja, yeye mwingine, tukapima pale mstari wa mkonge ulipokuwa, na kwa sababu ni mimi niliyeishika, mpaka huo uko kombo hata leo. Kisha akashusha mafungu yake yenye masizi na akapanda, mbele ya wote, mahindi na mtama na kunde kwenye shimo moja moja kwa jembe la mkono. "Nimefungua," akasema bila kuinua kichwa. "Kama ni chira, inajua nyumba yangu."

Mashine ingeweza kupita juu ya mbegu zake na kuendelea chini. Dereva alikuwa tayari. Lakini hakuna aliyetaka gurudumu likanyage pale na kubeba laana mpaka kwake, kwa hiyo mashine ilirudi ilikotoka, na watu wa kilimo cha kisasa wakarudi nyumbani kutafuta plau za ng'ombe. Kila boma likataka kupanda kipande chake kwa utaratibu wake, na hakuna aliyejua tena kipande chake kinaishia wapi. Waligombana kwa hatua na kwa kamba na kwa kumbukumbu za babu waliokufa. Wengine walilima mahali pamoja mara mbili, wengine wakaacha ukanda usio wa mtu ambao ulijaa kayongo, gugu lile la maua ya zambarau linalonyonya mahindi. Walipomaliza kupanda, mvua ilikuwa imeanza kufikiria mambo mengine. Mtaalamu alihamishiwa kwingine, nadhani kwa kupandishwa cheo.

Waliobaki walikuwa na kazi moja: kumsubiri mama mdogo akonde. Odera alitangaza kwamba chakula cha shamba lile kitaua maboma manane. Walimtazama kanisani, walimtazama kisimani. Mtama wake ulipofika magotini alishikwa na malaria, akatetemeka kwenye kitanda chake kitakatifu, na sijawahi kuona wagonjwa wakitembelewa kwa moyo mkunjufu namna ile. Walikuja na ndizi. Walikaa, wakamwangalia mikono, wakaulizana kwa macho. Odera alisimama mlangoni na koti lake lililofuliwa, akasema bado hajachelewa. Wasichana wale wadogo walijificha nyuma ya pazia pamoja nami, na hapo sikuwa na hamu ya chakula, jambo lililomwogofya mama mdogo kuliko homa. Alimeza dawa, akatoka jasho, akaamka siku ya nne akauliza nani amemaliza ndizi. Nilikuwa mimi.

Sitakudanganya kwamba alivuna kama kwenye picha. Mahindi yake yalikuwa na wadudu, maboga yaliibwa. Lakini mtama ulisimama na kunde zilijaa vibuyu, na mtu aliyepanda mapema katika mwaka wa kuchelewa anaonekana tajiri. Wa kwanza kuja alikuwa Nyar Mbita. Kula kwenye nyumba yenye chira ni kujitia nayo, kila mtu aliijua sheria hiyo, na mwanamke yule alikaa kwenye kiti chenye kitambaa mchana kweupe, mlango wazi, akala ugali wa mtama mpya na kunde, akawaita na watoto wake sita waje wale. Alipomaliza aliomba mbegu, akapewa.

Odera alikuja jioni moja baadaye, akakaribishwa kwenye meza ileile. Alinawa mikono polepole. Alimega tonge, akalichovya, akala, na nilimwona akila lingine na lingine, yule aliyesema chakula kile kitaua maboma manane, mpaka kidole kikagusa sinia. Aliongezewa. Kisha akalisukuma bakuli la kunde kidogo, akakunja uso.

"Nyar Suna. Chumvi imepungua."

Mama mdogo alikuwa akipepeta karibu na mlango. Hakusimama.

"Chumvi iko hapo mbele yako, shemeji," akasema. "Mkono si unao?"